Karatasi Moja Kutoka Nyangwe

Ndugu mwananchi, leo sikuombi mchango wa franga. Nakuomba karatasi moja ya daftari, ile ya katikati inayotoka bila kuharibu nyingine, na kalamu, na nusu saa ya jioni mkiwa mmeketi pamoja nyumbani.

Sababu ni hii. Wengi wetu hapa Nyangwe, na Kasongo mjini, na huko Kabambare, tukisikia redioni kwamba wabunge wanajadili sheria ya shule, tunapunguza sauti. Tunasema hayo ni ya Kinshasa, hayo ni ya Kindu, ni mambo ya wakubwa. Mama anarudi kwenye sombe lake, baba anaendelea kuziba tairi la kinga yake lililotoboka. Lakini huyo mtoto anayejadiliwa ni wa nani? Si ndiye huyu aliyelala mkekani, daftari chini ya kichwa?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 imegawa kazi ya shule kama watu wa nyumba moja wanavyogawana kazi za nyumbani. Serikali kuu inaweka kanuni za masomo kwa nchi nzima. Jimbo limepewa shule za watoto wadogo, za msingi, za sekondari na za ufundi, pamoja na kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, mradi lifuate kanuni hizo za nchi. Kuanzisha shule mpya na vyuo vikuu ni kazi ya wote wawili, Kinshasa na jimbo.

Kwa hiyo depite wa jimbo, yule aliyekuja kutuomba kura mwishoni mwa 2023, ana mamlaka ya kutunga sheria ya jimbo kuhusu shule ya mtoto wako. Wanaiita édit. Ana mamlaka pia ya kumuuliza gavana na mawaziri wake: feza ya shule imefanya nini? Baraza lao la Kindu hukaa mara mbili kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi na kuanzia mwisho wa Septemba. Kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Nawaomba mkikumbuke hicho.

Je, depite huyo anajua kwamba mvua ikinyesha, kalasi ya pili na ya tatu husukumwa chini ya bati moja? Huenda hajui. Kutoka Kindu mpaka kwetu ni mbali, na barabara mnaijua. Mtu hawezi kutengeneza asichokiona, na mimi naamini kwamba wengi wao wangependa kukiona.

Nawaambieni kwanza habari ya soko letu.

Machi 1871 alifika hapa Nyangwe Mskoti mmoja, David Livingstone. Alikuwa mgonjwa, hana mtumbwi wa kuvuka Lualaba, na karatasi zake zilikuwa zimemwishia. Akachukua gazeti kuukuu alilokuwa nalo, akaandika juu ya maandishi yake, kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea wa huku huku. Siku za soko alikaa kutazama mama zetu wakipanga samaki, vyungu, mihogo na kuku, wakibishana bei na kucheka.

Tarehe 15 Julai mwaka ule, sokoni wakiwa watu wapatao 1,500, wenye bunduki kutoka kundi la wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kuwafyatulia risasi. Watu walikimbilia mtoni, mitumbwi ikapinduka. Waliokufa, kwa risasi na kwa maji, walihesabiwa kuwa mamia. Yule mzee mgonjwa aliandika aliyoyaona siku ile.

Maneno yale yalitoka hapa, yakapita Ujiji, yakafika Uingereza mwaka 1872. Watu waliyasoma, wakakasirika, wakaisukuma serikali yao. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Haikuwa karatasi ile peke yake iliyoleta hayo. Watu wengi walikuwa wamepiga kelele miaka mingi. Lakini gazeti kuukuu na wino wa mbegu kutoka Nyangwe vilikuwamo.

Wazee wetu waliofia mtoni siku ile hawakuacha barua. Mgeni ndiye aliyewaandikia. Leo karibu kila nyumba hapa ina mtoto mmoja anayejua kuandika. Tutangoja tena mgeni apite?

Katiba imetufungulia mlango. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya serikali, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya ombi kama hilo. Mzee, usiogope kuweka jina lako. Mama, na wewe vilevile. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole. Hiyo nayo ni sahihi.

Sasa tuandike nini? Nawasihi tusiandike malalamiko matupu. Tuandike tunachokihesabu. Kalasi ya kwanza ina watoto wangapi? Madawati mangapi, na wangapi wanakaa kwenye matofali? Kuna choo cha wasichana chenye mlango? Walimu ni wangapi, na kati yao wangapi ni wale wanaoitwa NU, wanaofundisha huku majina yao bado hayajaingia kwenye orodha ya malipo? Direktere wa shule anazijua hesabu hizi, na atafurahi mtu akimuuliza kwa upole. Halafu mseme jambo moja mnaloliomba. Moja tu. Barua yenye maombi kumi inachosha macho ya msomaji.

Tujue pia tunamwandikia nani. Mshahara wa mwalimu wa shule ya umma hutoka Kinshasa. Hilo tumwandikie mbunge wa taifa na seneta wetu. Bati, madawati, kalasi za watu wazima, bajeti ya jimbo: hayo ni ya madepite wa Kindu. Na pale kampuni inapochimba madini, sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na sekta au uchifu wa mahali penyewe asilimia 15. Ndugu zetu wa Salamabila wanajua dhahabu kuliko mtu yeyote. Je, wanajua na hiyo 15? Wanaweza kwenda kwa mkuu wa sekta, kwa heshima, kumuuliza imejenga nini na mwakani itajenga nini.

Mtu ataniambia, tumeandikiwa sheria nyingi na hatuoni kitu. Namwelewa. Mimi nilisomeshwa kwa mpunga. Mama yangu alipeleka beseni sokoni ili nilipe minerivali, na feza ya kumsaidia mwalimu ambaye mshahara wake haukuwa ukifika. Ilipochelewa nilisomwa jina mbele ya wenzangu, nikarudishwa nyumbani na kimfuko changu. Siwalaumu walimu wale. Walikuwa na njaa kama sisi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni bure. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ikalirudia neno hilo. Hata hivyo wazazi waliendelea kulipa mpaka Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru lifanyike kweli. Miaka 13 neno lilikuwa karatasini tu. Lilipotimizwa, watoto wakaja kwa wingi: wale waliokaa nyumbani miaka miwili au mitatu, na wasichana waliokuwa wameambiwa wamwachie kaka yao nafasi. Kalasi zikajaa hadi milangoni. Tabu ya leo ya kalasi zilizofurika imetokana na jambo jema, na ndiyo maana naona ni tabu tunayoweza kuisemea bila uchungu.

Majirani zetu walipita humohumo. Uganda ilifanya shule ya msingi bure mwaka 1997, Kenya 2003, na huko nako kalasi zilifurika, walimu wakawa wachache. Wao waliendelea kujenga mwaka hadi mwaka. Na sisi tuko kwenye njia hiyohiyo, nyuma yao kidogo.

Nataka kuongeza kwamba bure hii ni ya shule zote za msingi za umma, na humo zimo zile zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu kwa mapatano na serikali. Mzazi asidanganyike kwamba mtoto wake yuko nje ya sheria kwa sababu shule ina msalaba au ina mwezi na nyota. Hapa Kasongo tumesoma pamoja tangu zamani. Ijumaa baada ya sala, Jumapili baada ya misa, imamu na padri wanaweza kuisoma barua ileile mbele ya watu, nao watu wakaitia sahihi.

Lakini barua ikishaondoka, nyumbani kunabaki kazi ambayo hakuna depite atakayetufanyia.

Mpunga unapoanza kubeba, nani anakwenda kuamia ndege? Mara nyingi ni mtoto wa kalasi ya tatu. Anakaa kwenye kichanja tangu alfajiri, anapiga debe, na wiki mbili za masomo zinapita. Najua mpunga huo ndio bugali na chumvi na sabuni yetu. Je, hatuwezi kupeana zamu? Nyumba tano zenye mashamba yanayopakana zikitoa mtu mzima mmoja kila asubuhi, watoto wote watano wanaingia kalasi, na ndege hawapati kitu. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa kulinda mihogo dhidi ya nguruwe. Kwa nini isiwe kwa kulinda masomo?

Na binti yetu? Anachota maji, anatwanga, anabeba mdogo wake mgongoni, halafu tunashangaa amepata alama chache kuliko kaka yake. Kaka naye ana mikono. Na akija mtu na mbuzi kuposa binti wa miaka 15, tumjibu kwa adabu kwamba sheria ya nchi inasema miaka 18, na kwamba binti ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na baada yake ana mwingine. Hakuna haja ya kugombana na mgeni. Apewe maji, aende salama na mbuzi wake.

Ninyi vijana wachimbaji, mnapomwona mtoto ameingia shimoni au anaosha mchanga saa ambayo wenzake wako kalasi, mrudisheni. Ninyi ni kaka zake.

Na ninyi watoto wetu mlioko vyuo vikuu, Kindu, Bukavu, Kisangani, Lubumbashi: mnajua jinsi mambo yalivyobadilika tangu mfumo wa LMD ulipoanza kuingia mwaka 2021. Lisansi sasa ni miaka mitatu, pale zamani mtu alisoma mitatu ya gradua kisha miwili ya lisansi. Wazazi wenu hawajaelezwa. Wanauza mbuzi bila kujua wanalipia nini. Mkirudi likizo, ketini na mama, mmweleze kwa Kiswahili chetu hiki cha nyumbani, kisha mkae na jirani asiyejua kuandika, mmwandikie barua yake. Andikeni maneno yake kama anavyoyasema. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba, na madepite wetu wanakisema sokoni kama sisi. Mkiweza kuweka Kifaransa kwenye ukurasa wa pili, vizuri zaidi.

Kwako mwalimu, mwalimu wa NU hasa, sina la kukufundisha. Nakuomba tu uruhusu wakubwa waingie jioni mara mbili kwa wiki, wajifunze kuandika majina yao. Kijiji kitakuletea kuni na mafuta ya taa. Wananchi, naahidi kwa niaba yenu, msiniaibishe.

Turudi kwenye karatasi yetu. Nani wa kwanza ataleta yake? Ipelekwe kwa komite ya wazazi wa shule, isomwe kwa sauti, hesabu zirekebishwe pale zilipokosewa, watu watie sahihi. Andikeni nakala mbili, moja ibaki shuleni na tarehe yake juu. Nyingine apewe mtu anayesafiri Kindu, wa pikipiki au wa mtumbwi, aifikishe kwenye ofisi ya baraza la jimbo na kurudi na hati ya kupokelewa.

Kikao cha bajeti kinafunguliwa mwisho wa Septemba. Tangu siku barua itakapopokelewa, hesabuni miezi mitatu.