Unalala Kiambu, Kura Iko Ushago: Ndio Maana Mtaa Wako Bado Ni Matope

Wasee wa Githurai 45, Kahawa Wendani, Ruaka na Kinoo, hii ni yenu. Mvua ikinyesha siku mbili tu, barabara ya kuingia mtaani inakuwa shamba la mpunga, nduthi zinapandisha bei na mama mboga anahamisha kibanda. Halafu kwa grupu la WhatsApp la ploti mnaanza kumrushia Sakaja maneno.

Poleni, lakini huo ni mlango wa jirani. Johnson Sakaja ni gavana wa Nairobi. Nyinyi mko Kiambu na gavana wenu ni Kimani Wamatangi, aliyechaguliwa 2022.

Kuchanganyikiwa si ajabu. Chukua Githurai. Ile ya 44 iko Nairobi, ile ya 45 iko Kiambu, na kinachozitenganisha ni Thika Road. Kahawa West ni Nairobi, lakini vuka barabara uingie Kahawa Wendani ama Kahawa Sukari na tayari uko Ruiru, Kiambu. Mwiki ndio kabisa: kuna wadi ya Mwiki kule Kasarani na wadi nyingine ya Mwiki huku Ruiru. Mathree haikwambii umevuka mpaka. Kanjo ndio watakwambia, siku ukifungua biashara na leseni yako ni ya kaunti ingine.

Sasa twende kwa ile stori yenyewe, na stori yenyewe ni doo.

Katiba inasema kaunti zote zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kugawa kunafuata hesabu maalum, na idadi ya watu ni kati ya vitu vyenye uzito mkubwa kwa hiyo hesabu. Watu wanahesabiwa vipi? Kwa sensa. Na sensa ya 2019 ilikuhesabu pale ulipolala usiku wa Agosti 24. Haikuuliza ushago wako ni wapi wala unafanya kazi kwa ofisi gani tao. Kama ulikuwa kwa keja yako Ruaka, wewe ni mtu wa Kiambu.

Ndio maana Kiambu ilitoka na watu 2,417,735, nambari mbili Kenya nzima baada ya Nairobi. Kichwa chako kimo humo. Kila mwaka wa fedha kinasaidia kuleta pesa Kiambu, ujue usijue.

Lakini kura yako je? Hapo ndipo mambo yanaharibika. Wengi wenu mlijiandikisha ushago mkichukua kitambulisho, ama Nairobi mkiwa chuo, na hamjawahi kuhama. Ikifika uchaguzi mnapanda basi kwenda ocha kuchagua MCA wa barabara ambayo mnaipitia Krismasi tu. Barabara mnayokanyaga kila asubuhi inachaguliwa na wengine.

Jiweke kwa viatu vya mhesh. Kiambu ina wadi 60, na kila moja ina MCA wake wa kuchaguliwa. Yeye anajua vizuri kituo gani cha kura kilimpa ushindi. Akipata pesa ya kumwaga kokoto kwa barabara moja tu, ataipeleka wapi? Kwa fleti za orofa saba zenye watu mia tatu wasiopiga kura hapo, ama kwa kijiji cha nyumba hamsini ambacho kilimpigia kura hadi mwisho? Hata kama MCA ni malaika, hesabu ni hiyo hiyo. Fleti inaleta pesa, kijiji kinaleta kura, na kokoto hufuata kura.

Wanasiasa wenyewe wameuelewa huu mpaka kuliko wewe. Muangalie Ferdinand Waititu, Baba Yao. Alikuwa mbunge wa Embakasi, Nairobi. 2013 akataka ugavana wa Nairobi, akashindwa na Evans Kidero. Hakukaa chini kulia. Alivuka mpaka, 2015 akashinda kiti cha ubunge cha Kabete kwa uchaguzi mdogo, na 2017 akawa gavana wa Kiambu. Msee alihamisha siasa yake yote miaka minne. Wewe umekaa Kahawa Wendani miaka kumi na hujahamisha kura moja.

Na mnakumbuka ilivyoisha. Januari 2020 Seneti ikamtoa ofisini. Februari 2025 mahakama ikampata na hatia katika kesi ya tenda ya Sh588 milioni, akaambiwa alipe faini ya Sh53.5 milioni ama aende jela miaka 12. Alikata rufaa. Wengi waliifuata kesi hiyo kama udaku, wakicheka na kukumbushana ile stori yake ya 2018 ya kuhamisha mto badala ya kubomoa nyumba. Lakini hiyo tenda ilikuwa ya nini? Ya kuweka lami kwa barabara za vumbi, na Ruiru na Juja zilikuwa kwa orodha. Hiyo haikuwa stori ya watu wa mbali. Ilikuwa stori ya viatu vyako.

Afya nayo? 2025 madaktari wa kaunti ya Kiambu waligoma karibu miezi mitano. Mwenye gari ama bima alivuka Nairobi, akatibiwa, akasahau. Aliyebaki ni yule mama wa mtaa asiye na nauli. Huyo ndiye hulipa bei ya watu wengi kuishi mahali kama wageni.

Najua utasema nini. Ushago ndio kuna shamba, wazazi wako huko, na wewe pia ungetaka hospitali ya huko iwe na dawa. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya maana. Mwingine atasema anapanga tu, landlodi akiongeza rent anahamia Juja. Pia sawa. Lakini jiulize: clinic ya mtoto iko wapi? Chekechea yake? Maji unanunua kwa boza la nani? Takataka zako zinaoza mbele ya geti gani? Hizo zote ni kazi za kaunti. Kama majibu yote ni Kiambu, basi maisha yako yashahama na ni kura tu imebaki nyuma.

Kuhamisha kura si stori ndefu. Unaenda mwenyewe ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi na kitambulisho chako. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na orodha hufungwa mapema kabla ya hapo, kwa hivyo usingoje foleni za dakika ya mwisho.

Na kama umekataa kata kata kuhamisha, bado kuna mlango mwingine. Katiba, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti lishirikishe wananchi, na hakuna anayekuuliza kadi ya kura hapo. Ratiba inajulikana: mpango wa maendeleo wa mwaka hutoka kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Shida ni kwamba vikao vingi hufanywa asubuhi siku ya kazi, wakati wewe uko kwa jam ya Pangani. Anayebaki ukumbini ni landlodi na mbogi ya mhesh. Basi ploti moja itume mtu mmoja. Mchangie nauli na chai, aende na barua yenye majina na sahihi, aseme barabara fulani, mulika mwizi fulani. Maombi ya jumla huzama. Yenye jina la barabara huandikwa.

Ukitaka kujua mtaa wako unasimama wapi, fanya hivi leo jioni. Kwa lile grupu la ploti, acha kuuliza nani ana maji. Uliza nani anajua jina la MCA wetu. Kisha uliza ni wangapi wanapiga kura hapa. Kama jibu la pili ni watu wawili, usishangae na matope. Mhesh pia alishapiga hiyo hesabu.