Umeme Upitao Juu ya Vichwa vya Wenyeji

Huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, viko vinu 365 vya upepo vyenye uwezo wa kuzalisha megawati 310. Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alivizindua rasmi Julai 2019. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ukaingia katika gridi ya taifa. Siku ya uzinduzi, manyatta zilizopakana na vinu hivyo zilikuwa zikimulikwa na moto wa kuni.

Wapo wanaouliza: mbona wenyeji wasichotewe umeme kidogo unapopita? Swali hilo ni la haki, ila jibu lake halipendezi. Nyaya hizo hubeba volti 400,000. Kuzishusha hadi kiwango cha kuwasha taa ya nyumbani kwahitaji kituo kizima chenye transfoma kubwa, na gharama yake haiwezi kurudishwa na familia chache za wafugaji waliotawanyika. Gridi huwafuata wanunuzi; haifuati mifugo.

Ndiyo maana naunga mkono mitambo midogo ya sola inayohudumia kijiji kimoja kimoja. Mnamo 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa KOSAP, uliolenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Marsabit, Turkana, Mandera na Lamu.

Lakini fedha za kujenga hazinitii hofu. Paneli ya sola hudumu miaka 20 na zaidi. Betri za asidi, ambazo shule nyingi zimezitegemea, hufa baada ya miaka michache, tena upesi zaidi zikinyonywa hadi tone la mwisho kila usiku. Mwalimu wa shule ya bweni katika sehemu kame anajua nisemalo: mheshimiwa huja na wapiga picha, taa zikang'aa, na baada ya mihula kadhaa watoto wakarudia koroboi. Mwanakandarasi naye alikwisha kulipwa zamani!

Nani atanunua betri ya pili? Naona fedha zake zitengwe tangu siku ya kwanza kutokana na malipo ya watumiaji, hata yakiwa haba, na serikali ijazie pengo. Fundi naye awe kijana wa hapo hapo, si mgeni wa kungojewa kutoka Nairobi wiki tatu kwa sababu ya fyuzi.

Walimu wakuu wa kaskazini wangetusaidia mno iwapo ripoti zao za muhula hazingetaja tu kwamba shule ina sola, bali zingeeleza taa ziliwaka usiku mara ngapi.