Tai Atazamwaye na Tai Alindwaye

Katika Bustani ya Taifa ya Mimea ya Walter Sisulu, karibu na Johannesburg, tai weusi wawili, dume na jike, wamekuwa wakijenga kiota katika jabali la maporomoko ya maji. Kamera iliyowekwa hapo imewawezesha watu wa nchi mbalimbali kuona, saa ile ile, mayai yakiatamiwa kwa siku zipatazo 45, na kinda akilishwa kiotani kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wameona pia jambo chungu: mayai kwa kawaida huwa mawili, lakini kinda mkubwa humwua mdogo wake.

Ndege huyu, mla pimbi, yumo pia katika majabali yetu ya Bonde la Ufa. Na kwa wakulima wa Buger, wilayani Karatu, wanaopakana na msitu wa Marang ulio sehemu ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, tai si sinema. Ni jirani, na pengine hushukiwa kuwa mwizi wa kuku na wana wa mbuzi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichunguza aina 42 za ndege wawindaji wa Afrika, na kukuta kwamba 37 zimepungua. Sumu, nyaya za umeme na ukataji wa miti vinawamaliza. Kamera haizuii hata kimojawapo.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalifahamu jambo hili. Katika miaka ya 1980 popo wa Pemba alikaribia kutoweka. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, walipoushika ulinzi wenyewe na kunufaika na ada za wageni, popo walirudi kwa maelfu. Kilichofanya kazi hiyo ni macho ya wenyeji.

Kwa hiyo, siku kamera itakapoletwa katika majabali yetu, isitangulie watu. Tunaiomba Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na Halmashauri ya Karatu, zihakikishe kwanza kwamba wanakijiji wana sehemu yao katika mapato, kwamba nyaya za umeme zimekingwa pale ndege watuapo, na kwamba mahali pa kiota hapatangazwi.

Tai atazamwaye na dunia nzima, huku jirani yake akimchukia, hana mlinzi.