Vijidudu Hawana Pembe

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini wahenga hao hawakuwa na hadubini. Yuko kiumbe ambaye hata ukikodoa macho mpaka yatoke machozi hutamwona, naye yumo kiganjani mwako sasa hivi unaposhika jarida hili. Ndiyo maana nashika kalamu, wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, nizungumzie michezo ya kuigiza tunayowapelekea watoto wa shule za msingi ili kuwafunza habari za vijidudu.

Wazo lenyewe silipingi hata kidogo. Mtoto wa gredi ya pili ukimhutubia juu ya bakteria atasinzia, ukimwigizia atakumbuka. Ninalolipinga ni lile zimwi. Kila mara ni lile lile: mwigizaji anajifunika gunia, anabandika pembe za karatasi, anajipaka masizi, halafu anaruka jukwaani akinguruma, "Mimi ndimi Kipindupindu!" Watoto wanapiga mayowe, tunapigiwa makofi, tunarudi zetu. Sasa jiulize, ndugu msomaji, mtoto huyo amefunzwa nini? Amefunzwa kwamba ugonjwa ni kitu cha kuonekana. Kesho atachota maji mtoni, ataona yanang'aa kama kioo, hayana pembe wala mkia, basi atakunywa. Kumbe kipindupindu huweza kuwa humo humo katika maji yanayong'aa. Mlipuko ulioanza hapa Kenya Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi na kuua watu, na hakuna aliyeona kitu kikinguruma.

Ubaya wa pili wanipa uchungu zaidi. Katika michezo hii mgonjwa ndiye huwa mchafu, mjinga, wa kuchekwa. Watoto wakirudi darasani wanamtafuta wa kumbandika jina hilo, na aghalabu huwa ni yule mwenye mapunye, au yule ambaye kwao sabuni ni ya kubahatisha. Mapunye ni kuvu tu na yana dawa. Yeye amekosa nini?

Hebu tujaribu njia nyingine. Mwigizaji mmoja ajipake unga wa chaki ya rangi mkononi, asiseme neno. Awasalimu wenzake, ashike mlango, ashike kikombe, ampokeze mtoto wa mstari wa mbele kitabu. Mwishowe kila mtu ainue mikono juu. Hapo hakuna haja ya kunguruma!

Au tuchukue sufuria ya githeri iliyosahauliwa jikoni kwenye joto. Bakteria wakipata joto, unyevu na chakula, wako wanaojigawa kila dakika 20. Aingie mwigizaji mmoja. Kengele ilie, wawe wawili. Ilie tena, wanne. Baada ya saa moja, wanane. Baada ya saa mbili ni 64, jukwaa limejaa, hata itabidi tuwaazime watoto wenyewe. Baada ya saa saba wamepita milioni 2 (mwalimu wa hesabu naye atafurahi).

Tena tusiwafanye vijidudu wote maadui. Maziwa lala na mursik huganda na kuwa chachu kwa kazi ya bakteria. Wengine hukaa katika vifundo vya mizizi ya maharagwe, wakinasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Nao wapewe nafasi jukwaani.

Najua wako watakaosema ati bila maleba ya kutisha mchezo haunogi, na kwamba waamuzi wa tamasha za drama hupenda vishindo. Haya, zimwi liende kwa waamuzi. Watoto wa jirani hawatoi alama.

La mwisho ni maji. Ni kejeli kumwimbia mtoto anawe kwa sabuni ilhali bomba la shule yao limekauka tangu muhula uliopita. Kwa hivyo kifaa kikuu cha jukwaani kiwe mtungi wa plastiki uliotobolewa, unaoning'inia kwa kamba na kuinamishwa kwa kijiti cha kukanyaga, maji yatiririke bila mtu kuugusa. Tuutengeneze mbele yao, waone kila fundo linavyofungwa, na mtoto mmoja mmoja aje akanyage, anawe. Mchezo ukiisha sisi turudi shuleni kwetu, mtungi na kipande cha sabuni vibaki pale.