Leva Fupi, Bushi Zimekufa: Kabla NTSA Ikague Subaru Yako, Jikague Mwenyewe

Ukipita Tena Jumamosi asubuhi hutakosa hii picha: Impreza ya zamani imeinuliwa mbele kwa parking ya plot, miguu ya msee mmoja inatokea chini yake, na wasee watatu wamesimama kando na chai mkononi wakitoa ushauri ambao hakuna mtu ameomba. Caretaker akipita anaangalia cabro kwanza. Shida yake si gari, ni oil.

Uliza wanafanya nini na mara nyingi jibu ni moja: wanaweka leva fupi ya gia. Ile ya kufanya gia iingie na mkono ukisonga kidogo tu, kama dereva wa rally.

Hakuna ubaya. Ndinga ni yako, ganji ni yako. Lakini uliza swali la pili, bushi za mbele zilibadilishwa lini, uone vile base itanyamaza. Na hilo swali la pili ndilo serikali inataka kuanza kuuliza.

Kwa nini hizi Subaru hazitoki mtaani

Tuanze na hesabu. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyopita miaka minane kuingizwa nchini. Hiyo ni kanuni ya KEBS, kiwango cha KS 1515. Kwa mwaka wa 2026, gari lazima iwe ilisajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kwa hesabu hiyo hiyo, WRX ya 2003 ilifungiwa mlango wa bandari ya Mombasa baada ya 2010. Zile ziko ndizo ziko. Hakuna zingine zinakuja.

Halafu kuna mapenzi. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally na Subaru Vivio, kagari ka injini ya cc 660. Colin McRae akashinda Safari ya 1997 na Impreza, Richard Burns akafanya hivyo tena 2000. Rally ilitoka kwa ratiba ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na siku hizi Naivasha hujaa wasee ambao hawakuwa wamezaliwa McRae akishinda. Ukitaka gari ya aina hiyo yenye klachi na gia za kupiga mwenyewe, unarudi kwa zile za zamani, juu nyingi zinazoshuka kwa meli sai ni automatic.

So iko hivi: gari ni nzee, imepitia mikono mitatu au minne, na msee wa Eastlands anaweza kuimiliki kama tu ataifanyia kazi yeye mwenyewe ama na fundi wa mtaa. Kuna watu kazi hii kwao ni hobby ya wikendi. Hapa Tena ndiyo njia pekee ya gari kubaki barabarani.

Serikali imeanza kuinama

Mwaka wa 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari. Pendekezo lililoshtua watu ni kwamba gari ya kibinafsi yenye zaidi ya miaka minne tangu itengenezwe ikaguliwe kila mwaka. Waliozoea foleni ya ukaguzi pale Likoni Road, Industrial Area, ni wenye mathree, malori na magari ya biashara. Sasa hata wewe na KBK yako mko kwa list.

Mapokezi mtaani yalikuwa baridi, na sababu inaeleweka. Watu hawajasahau Finance Bill ya 2024 ilivyotaka kutoza gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000, kabla vijana waingie barabarani na mswada wote ukaangushwa. Kwa hivyo msee akiambiwa "ukaguzi kila mwaka", anasikia "lipa kila mwaka". Mwingine anasikia "toa kitu kidogo".

Lakini kuna upande wa pili na hauna utamu. Kwa takwimu za NTSA, watu 4,748 walikufa barabarani Kenya 2024, na kundi kubwa zaidi huwa ni wanaotembea kwa miguu. Kama unaishi Tena unaijua Outering: ilipanuliwa, footbridge zikawekwa, na bado watu wanavuka chini wakikimbia. Kwa mwendo wa 80, bolijointi ikitoka gurudumu linalala na usukani unakuwa pambo tu. Yule mama wa mboga kando ya barabara hajui turbo yako ni ya aina gani na haimhusu.

Na hata rasimu isipopita, Traffic Act kifungu cha 55 tayari kinasema gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyohatarisha watu wengine. Huo wajibu haungoji sticker mpya.

Leva fupi inafanya nini haswa

Leva ya gia inafanya kazi kama mtaimbo wa kawaida. Ina egemeo katikati, sehemu ya juu unaposhika, na sehemu ya chini inayosukuma fito la kwenda kwa giaboksi. Chukua mfano: juu kuna sentimita 20, chini kuna 5. Mkono wako unasonga mara nne ya kinachosonga chini. Ukipandisha egemeo kwa sentimita moja, inakuwa 19 kwa 6, yaani mara tatu na kidogo. Safari ya mkono imepungua kwa kama asilimia 20. Siri yote ni hiyo. Malipo yake ni kwamba nguvu unayotumia inapanda. Gia inakuwa nzito.

Na ndani ya giaboksi hakuna kilichobadilika. Sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla ziingiane, zinahitaji muda ule ule. Leva fupi inakupa tu uwezo wa kuzilazimisha haraka zaidi. Giaboksi ya gia tano ya WRX ina jina baya dunia nzima kwa kuwa laini. STI ilikuja kupewa ya gia sita iliyo ngumu zaidi. So ukiweka leva fupi kwa gia tano iliyochoka, halafu upige gia kama unachapa punda, utarudi Grogan kutafuta giaboksi nyingine.

Mara nyingi ugonjwa hata si leva. Gia inacheza kushoto na kulia kama kijiko kwa kikombe kwa sababu bushi za fito na ile raba ya nyuma inayoshikilia leva zimekufa. Kuna pia kifimbo kifupi juu ya giaboksi kinachozuia injini isiyumbe mbele na nyuma; raba zake zikiisha, kila ukiachilia klachi gari inaruka. Badilisha hizo kwanza. Ni kazi ya mchana mmoja, bei yake ni ndogo, na wengi wakimaliza hawataki tena leva fupi. Gia inaingia poa vile kiwanda kilikusudia.

Mpangilio wa ganji: anza chini

Hapa ndipo wengi hupotea. Tunanunua kile mkono unahisi na macho yanaona, tunaacha kile kinashikilia gurudumu. Kama bajeti ni ya mwezi kwa mwezi, panga hivi.

Kwanza ni chesisi. Tafuta kutu kwa minara ya shokamzoba, chini ya milango na mahali saspensheni ya nyuma imefungwa. Gari iliyoishi Pwani, ama iliyotoka sehemu za Japani ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, huoza kutoka ndani. Gonga na bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza hutoboka. Ikitoboka, usinunue kitu kingine chochote kabla hiyo itengenezwe.

Pili ni viungo. Inua gurudumu, shika tairi juu na chini utikise: kukicheza, shuku beringi ama bolijointi. Shika kushoto na kulia: kukicheza, angalia ncha za fito za usukani. Hiyo test ni bure.

Tatu ni breki na matairi. Kwa ubavu wa tairi kuna maandishi ya DOT na mwisho wake nambari nne. Ukiona 2319, ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Matairi mengi ya mtumba yana meno mazuri lakini raba imezeeka na kukauka.

Nne ni bushi za mikono ya saspensheni. Zile za rangi za poliurethani ni ngumu, zinakupa usukani mkali, na zinakuletea kila shimo la Manyanja Road hadi kwa uti wa mgongo. Raba za kawaida zinatosha gari ya kila siku. Na hapa kuna kosa ambalo hata mafundi wazuri hufanya: wanakaza nati za bushi ya raba gari ikiwa juu, magurudumu yananing'inia. Ukiishusha, raba inabaki imejipinda, na inachanika mapema. Weka bolti zikiwa legelege, shusha uzito wote juu ya magurudumu, ndio ukaze.

Tano ni shokamzoba, halafu alaimenti. Ukishafungua saspensheni bila kupima alaimenti, matairi mapya yataliwa upande mmoja.

Baada ya hayo yote ndio uje kwa leva fupi na ile bomba ya kung'aa inayounganisha minara ya mbele. Kwa matairi ya kawaida na barabara yetu, hiyo bomba kazi yake kubwa ni kupigwa picha bonnet ikiwa wazi.

Hacks za kuogopa

Kuna za kawaida tatu. Moja ni kukata springi ama kuzichoma moto ili gari ishuke. Moto unaua ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gari ikiruka tuta. Ya pili ni spesa za kuinua gari, zile hukerezwa jua kali. Inchi moja iliyotengenezwa vizuri inavumilika, lakini ukirundika spesa juu ya spesa, shafti za kuendesha magurudumu zinapinda kupita kiasi na buti zake zinapasuka.

Ya tatu haina uhusiano na gari kuharibika. Ni kulala chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, ama iliyowekwa juu ya mawe ya ujenzi. Jeki ya oil huachilia bila kuuliza, na jiwe hupasuka ghafla. Nunua stendi mbili za chuma kabla ununue kitu kingine chochote cha gari. Kama hauna pesa ya stendi, hauna pesa ya leva fupi.

Karatasi ndio ngao

Sasa turudi kwa NTSA. Hofu ya kweli kuhusu ukaguzi ni kwamba utaangalia umri wa gari na mfuko wa mwenyewe, usiangalie kazi iliyofanywa. Impreza ya 2004 yenye bolijointi mpya na breki nzima ni salama kuliko gari ya miaka mitano ambayo hakuna mtu ameiinamia tangu ishuke melini. Ukaguzi unaotikisa gurudumu, unaopima breki na kutafuta kutu, utampitisha msee wa Tena aliyefanya kazi yake vizuri. Ukaguzi wa kuhesabu miaka na kupokea bahasha utamtoa yeye barabarani na kupitisha aliye na doo.

Hiyo tofauti ndiyo vijana wanafaa kupigania kila NTSA inapoomba maoni ya umma: ukaguzi uwe na orodha ya wazi ya vitu vinavyopimwa, na gari ikianguka upewe sababu kwa maandishi.

Lakini kupigania haki unahitaji ushahidi. Piga picha kila kazi, weka risiti, andika tarehe na kilomita. Ukibadilisha injini ama rangi, sajili mabadiliko hayo NTSA. Kama una bima kubwa, waambie umebadilisha nini, juu ukificha unawapa sababu ya kukataa kulipa. Na kama wewe ndiye fundi wa base, fanya mtihani wa NITA, ule wa grade. Pia kuna sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa 2024. Fundi mwenye cheti hawezi kufagiliwa kirahisi siku serikali itaamua kwamba kazi ya parking ni haramu.

Hizi gari hazitaongezeka. Kila moja inayobingirika Outering kwa sababu ya bushi ya bei ndogo ni moja imepungua, na pengine na mtu. So Jumamosi hii, kabla ufungue ile leva mpya kutoka kwa box, inua gurudumu la mbele, weka stendi, tikisa. Ikicheza, rudisha leva kwa box.

Wewe yako ulitikisa lini?