Homa Isiyopimwa Haina Jina

Mwaka 1952 homa ngeni iliwaangusha wananchi wa Newala na Masasi, ikawauma viungo hata wakashindwa kusimama wima. Waganga wa serikali hawakuridhika kubahatisha. Walichukua damu ya wagonjwa, ikapelekwa Entebbe, Uganda, na huko kirusi chake kikatambuliwa. Jina lake, chikungunya, likatokana na Kimakonde. Homa hiyo ilipozuka Lamu mwaka 2004, na Komoro mwaka uliofuata, waganga wa visiwani walikuwa na jina la kuitafutia, kwa kuwa damu ya wanakijiji wa Uwanda wa Makonde ilikwisha pimwa.

Funzo hilo linatuhusu leo. Kwa wagonjwa ambao kinga ya miili yao imedhoofika, hasa kwa virusi vya UKIMWI, bakteria wa kifua kikuu huweza kupita katika damu na kushambulia utando unaofunika ubongo. Maradhi haya ni machache yakilinganishwa na kifua kikuu cha mapafu, lakini ni ya hatari kuu. Huanza polepole: kichwa huuma kwa majuma, homa haishuki, shingo hukakamaa, kisha mtu hupayapaya na kupoteza fahamu. Hospitalini huweza kudhaniwa malaria. Nyumbani hudhaniwa pepo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa mgonjwa hakuficha. Maradhi ndiyo yaliyojificha. Njia ya kuyafichua ni kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano na kuyapima. Wapo wanaoamini kwamba sindano hiyo ndiyo inayoua, kwa sababu wamewaona wakichomwa wale waliokwisha zidiwa. Hofu hiyo haiondolewi kwa amri, bali kwa maelezo, na kwa kuwahi.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu mwaka 1977, na njia zake zikaigwa na mataifa mengine. Dawa zipo, ingawa kwa ubongo humezwa kwa kawaida miezi 12 badala ya 6. Lakini dawa haitolewi kwa ugonjwa usiojulikana.

Tunawaomba viongozi wa afya wa Mtwara, na wenzao wa Unguja na Pemba, wahakikishe kila hospitali ya wilaya ina sindano hiyo, mtumishi aliyefundishwa kuitumia, na njia ya kufikisha maji hayo maabara siku ile ile. Ikiwa damu ya Newala ilifika Entebbe zaidi ya miaka 70 iliyopita, hatuoni udhuru wa kushindwa leo.