Lumbesa ya Umeme: Betri Zilizofufuliwa na Kipimo Kinachofichwa

Wiki mbili zilizopita, katika semina ya mwaka wa tatu, mwanafunzi mmoja hodari alisimama kuitetea biashara ya betri zilizofufuliwa. Alisema kwamba mnyonge asiye na laki tatu za kununua betri mpya ya sola ana haki ya kununua iliyotumika kwa laki moja na ishirini, na kwamba msomi anayeinyooshea kidole biashara hiyo anatetea, pengine bila kujua, maslahi ya waagizaji wakubwa. Darasa lilimpigia makofi. Mimi sikupiga. Niliahidi kumjibu kwa maandishi, kwa sababu hoja yake ni nusu kweli, na nusu kweli imetudhulumu katika nchi hii kuliko uongo mzima.

Nusu iliyo kweli naikubali mara moja. Betri iliyotumika inaweza kufufuliwa. Betri ya risasi na tindikali, hii ya kawaida tunayoiona katika magari na katika sola za vijijini, ikiachwa muda mrefu bila chaji, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba yake na kuwa fuwele ngumu. Fundi mwenye subira, akiipa chaji ndogo kwa muda mrefu, huweza kuziyeyusha baadhi ya fuwele hizo na kuirudishia betri sehemu ya nguvu zake. Hiyo ni kazi halali, na anayeifanya kwa uaminifu anastahili ujira wake. Lakini betri huzeeka pia kwa namna ya pili: dutu inayofanya kazi juu ya mabamba humomonyoka, ikadondoka na kulala chini kama tope. Iliyodondoka hairudi. Hakuna dawa ya chupani wala mashine itakayoipandisha tena kwenye bamba. Na betri hizi mbili, ile inayoponyeka na ile iliyokwisha, zikisuguliwa vichwa kwa msasa na kubandikwa karatasi mpya, hufanana dukani kama mapacha.

Kwa hiyo kabla ya kumpongeza mnyonge kwa kununua bei nafuu, nauliza: amenunua nini?

Nina mdogo wangu mwenye kibanda cha kunyoa na kuchaji simu kijijini, mahali ambapo nguzo za umeme bado hazijafika. Mwaka juzi alinunua mjini betri iliyofufuliwa, iliyoandikwa ubavuni ampea 100. Alilipa shilingi 120,000. Mpya ya ukubwa huohuo katika duka hilohilo ilikuwa 300,000. Muuzaji aliweka mita mbele yake, nayo ikasoma volti 12.7. “Ona mwenyewe, bosi, imejaa,” akaambiwa. Baada ya wiki tatu alinipigia simu: “Kaka, sola yangu mbovu, taa zinazima kabla sijafunga kazi.” Sola haikuwa mbovu.

Nilipokwenda likizo tukaijaribu betri hiyo kwa msaada wa jirani yake, mwalimu wa fizikia. Hatukuwa na chombo cha ajabu. Tuliichaji hadi ikajaa, tukaiacha itulie, kisha tukaifunga balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 60, ambayo kwa volti 12 hula ampea 5. Betri nzima ya ampea 100 inapaswa kuiwasha balbu hiyo kwa saa 20 kabla volti hazijashuka hadi 10.5, kiwango ambacho betri huhesabiwa kuwa imekwisha chaji. Tuliwasha saa moja jioni. Ingepaswa kufika saa tisa alasiri ya siku ya pili. Ilifika 10.5 saa kumi alfajiri, saa tisa tu tangu tuwashe. Saa tisa mara ampea tano ni 45. Mdogo wangu aliuziwa gunia lililoandikwa mia, ndani mna arobaini na tano.

Na ile mita ya dukani? Haikudanganya. Iliulizwa swali lisilohusika. Volti za betri iliyotulia hueleza ni kiasi gani cha nafasi iliyobaki kimejazwa. Hazielezi nafasi hiyo ni kubwa kiasi gani. Chukua mtungi, uujaze mawe hadi zaidi ya nusu, kisha mimina maji mpaka yafike ukingoni. Anayechungulia kwa juu ataapa kwamba mtungi umejaa maji. Ndivyo inavyosoma mita. Hata haidromita, kile kipimo cha kufyonza maji ya betri ambacho wengi hukiamini, hulaghaiwa kwa urahisi: fundi akimwaga tindikali ya zamani na kutia mpya iliyo kali, kipimo kitapanda vizuri ingawa mabamba yamekwisha. Kinachosema kweli ni kuipa betri mzigo unaojulikana na kuhesabu saa. Ukiona muuzaji anakimbilia volti na kukwepa saa, fahamu unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wangu hakuifanya. Tuseme betri mpya ya 300,000 inadumu miaka mitatu. Hiyo ni miezi 36 ya ampea 100. Ukigawa bei kwa miezi na kwa ampea, kila ampea moja kwa kila mwezi imegharimu kama shilingi 83. Betri ya mdogo wangu ilidumu miezi minane, ikiwa na ampea 45 mwanzoni, nami naihesabu kwa ukarimu kana kwamba haikupungua zaidi. Laki moja na ishirini, gawa kwa 45, gawa kwa 8: shilingi 333. Mnyonge aliyenunua “bei nafuu” amelipia mwanga wake mara nne ya bei aliyolipa mwenye uwezo. Ili ilingane na mpya, betri ile ilipaswa kuuzwa shilingi 30,000.

Hesabu hiyohiyo, na hapa namtendea haki mwanafunzi wangu, inaonyesha lini betri iliyofufuliwa ni ununuzi wa busara. Kama ingepimwa na kukutwa na ampea 80, ikadumu mwaka mmoja na nusu, basi 120,000 ingekuwa bei halali kabisa, kwani kila ampea kwa mwezi ingegharimu shilingi 83 zilezile. Kwa mtu ambaye laki tatu hana na hatazipata msimu huu, huo ungekuwa msaada wa kweli. Betri hizo mbili zinauzwa bei moja, kwa maneno yaleyale, juu ya meza moja. Muuzaji huenda anajua ipi ni ipi. Mnunuzi hajui. Soko ambalo upande mmoja tu ndio unaojua kipimo haliwezi kuitwa soko huria, hata likitetewa kwa jina la wanyonge.

Wasomaji wangu watumishi wa umma wanakumbuka vita vya lumbesa. Mnunuzi wa mazao alishona kilemba juu ya gunia la viazi au vitunguu, akalipia gunia moja na kuondoka na gunia na nusu. Tuliona dhuluma hiyo kwa sababu ilikuwa na umbo. Ilichomoza juu ya gunia, kila apitaye aliiona. Viongozi wakaipigia kelele majukwaani. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo. Pampu za mafuta hukaguliwa, mizani ya pamba hukaguliwa, na lita pungufu ya dizeli ni kosa ambalo mtu hushtakiwa kwalo. Lakini umeme uliohifadhiwa ndani ya sanduku jeusi, unaouzwa kwa namba iliyochapwa ubavuni kama vile mafuta huuzwa kwa lita, tumeuachia uaminifu wa karatasi ya gundi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamtaka anayeuza kitu kwa maelezo atoe kitu kinachooana na maelezo hayo. “Ampea 100” ni maelezo. Nani aliyewahi kumwona muuza betri akiulizwa juu yake?

Nitajibiwa, na nimekwisha kujibiwa na rafiki yangu mmoja afisa biashara, kwamba kudai kipimo ni kumbebesha fundi mdogo mzigo asiouweza, na mwisho wake ni kuua ajira. Jibu hili ningeliheshimu kama kipimo kingehitaji maabara. Kinahitaji balbu ya taa ya gari, mita ambayo fundi huyo tayari anayo, na saa ya ukutani. Mwenye betri kumi huzipima usiku akiwa nyumbani, mradi awepo mtu wa kuzitazama na kuzichaji upya mara tu jaribio linapokwisha, kwa kuwa betri iliyoachwa tupu huharibika. Gharama kubwa ya kipimo hiki ni moja tu: kinaua bei ya betri mbovu. Anayelalamika kwamba kipimo kitamfilisi ametueleza anauza nini.

Tena fundi mwaminifu ndiye anayeumia zaidi katika giza hili. Aliyekesha siku tatu akiirudishia betri ampea 80 hushindana na aliyetia tindikali mpya na kupiga rangi kwa nusu saa. Bei ni moja, kwa hiyo wa pili ndiye anayetajirika. Tukiendelea hivi miaka mitano, fundi wa kwanza ataacha kazi au atajifunza kupiga rangi.

Kuna upande wa pili ambao darasa langu halikuugusa kabisa, nao unanikera kuliko fedha. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri hizi ni risasi. Betri iliyodumu miezi minane badala ya miaka mitatu huifikia mapema ile safari yake ya mwisho, kwa mnunuzi wa chakavu na kisha kwenye tanuri, na kabla ya hapo tindikali yake iliyochanganyika na risasi huenda imemwagwa mtaroni nyuma ya karakana wakati wa “kufufuliwa”. Tunajua safari hiyo huishia wapi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatilia wakazi risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga amedhurika, akaanzisha mapambano yaliyompatia tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaisimamisha tena fidia hiyo Desemba 2024. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, hawakubahatika hata kufika huko: watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, mahali ambapo watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa risasi ya betri. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo kufufua betri kwa kweli ni jambo jema hata kwa afya, maana kila mwaka ambao betri inaongezewa ni mwaka ambao risasi yake inabaki ndani ya sanduku. Kufufua kwa rangi na karatasi kunafanya kinyume: kunaongeza mizunguko ya kumwaga tindikali bila kuongeza maisha. Tofauti ya kazi hizi mbili, narudia, hujulikana kwa kipimo tu.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yao ya mwaka 2023, wameagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme na zile kubwa za viwandani ziwe na pasi yake, yenye kumbukumbu zinazoisindikiza betri hata ikiandaliwa kwa matumizi ya pili. Sisemi tuige pasi hiyo. Kwetu karatasi moja ya mkono inatosha: ampea zilizopimwa, tarehe ya kupimwa, jina na simu ya fundi, na miezi ya dhamana. Betri isiyo na karatasi hiyo iuzwe kwa kilo, kama chakavu, na isiitwe betri.

Hilo linahitaji kanuni, na kanuni huchukua muda. Lakini lipo linalowezekana bila kusubiri Bunge. Maafisa ununuzi na wakuu wa shule mnaosoma ukurasa huu, nanyi mnaoandaa mahitaji ya zahanati zenye sola: ikiwa bajeti inawalazimu kununua betri zilizofufuliwa, andikeni katika zabuni kwamba zitapokelewa baada ya jaribio la mzigo mbele ya mpokeaji, na kwamba bei italipwa kwa ampea zilizokutwa, si kwa zilizoandikwa. Taa ya zahanati ikizima saa nane usiku, mama akiwa katikati ya kujifungua, haitamsaidia mtu kusoma kwamba mnunuzi aliokoa asilimia 60 ya bei.

Ama mwanafunzi wangu, nimemwachia ofisini balbu ya wati 60 na mita. Semina ijayo ni Alhamisi. Namwomba aende kwa muuzaji yeyote amtakaye, anunue betri kwa fedha ya idara, aipime usiku mmoja, kisha aje atueleze darasani mnyonge amenunua nini.